Kabla ya kupima kama kemikali inazuia insulini kushika kwenye seli za mafuta

Ukiona insulini imeshika kidogo baada ya kuweka kemikali, usikimbilie kusema kipokezi, yaani sehemu ya seli inayoshika insulini, kimezibwa. Huenda seli zimekufa, au pH (kipimo cha asidi) imeshuka. Hayo yamalizwe kabla ya siku ya kipimo.

Anza na seli. Tangu mwanasayansi Martin Rodbell alipoonyesha mwaka 1964 jinsi ya kuzitenganisha na tishu ya mafuta kwa kimeng'enya cha kolajenasi, kazi hii inawezekana, lakini seli hizi ni laini mno. Tumia vyombo vya plastiki, maana glasi tupu huzipasua. Zikishaelea, inua tyubu kwenye mwanga. Tabaka jeupe ndilo seli. Utando wa mafuta unaong'aa juu yake ni seli zilizopasuka. Ukiwa mnene, mwaga uanze upya, hata kama siku imekwenda.

Kemikali nyingi huyeyushwa kwanza kwenye DMSO, kiyeyushi cha maabara, hivyo andaa tyubu zenye DMSO peke yake kwa kiasi kilekile. Kisha pima pH baada ya kuchanganya kemikali, si kabla. Insulini hushika vizuri karibu na 7.8, na tone dogo la asidi linatosha kukupa jibu la uongo. Mimi hapa ndipo ninaposisitiza zaidi, kwa sababu kosa hili halionekani kwa macho.

Joto nalo lina yake. Kwenye nyuzi 37 seli humeza insulini pamoja na kipokezi chake, kisha huivunja. Kwenye nyuzi 15 hivi kazi hiyo hupungua sana, ila insulini huchelewa kushika. Tenga saa kadhaa.

Ukitumia insulini yenye iodini-125, yaani iodini ya mionzi inayokuwezesha kuipima, angalia tarehe kwenye chupa: nusu ya mionzi yake hupotea kila baada ya siku 60 hivi. Tenga pia tyubu ambazo, pamoja na insulini hiyo, utaweka insulini ya kawaida isiyo na mionzi kwa wingi mkubwa, ijaze vipokezi. Mionzi inayobaki humo imenata ovyo, haiko kwenye kipokezi. Itoe kwenye hesabu.

Jambo la mwisho husahaulika sana. Seli ya mafuta ina vipokezi vya ziada: sehemu ndogo tu ikishikwa, kazi ya insulini hufika kilele. Kemikali inaweza kuzuia nusu ya vipokezi na seli ikaendelea kuvuta glukosi vilevile insulini ikiwa nyingi. Kwa hiyo weka akiba ya seli za kundi hilohilo, upime glukosi siku hiyohiyo, kwa insulini kidogo na kwa insulini nyingi.