Ukitaka Kuandika Wasifu wa Walt Rostow

Wanafunzi wangu wa masomo ya maendeleo humwanzia Rostow, mchumi wa Marekani, kwenye hatua zake tano za ukuaji wa uchumi, wakaishia hapo hapo. Wewe anzia London, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mchumi kijana, mzaliwa wa New York mwaka 1916, yumo kwenye kikosi kidogo cha Wamarekani kinachochagua shabaha za mabomu Ujerumani. Wenzake na yeye walishikilia kwamba mafuta ya adui ndiyo yapigwe, ili avunjike nguvu. Kaa hapo kidogo, maana imani hiyo ataenda nayo mbali.

Kitabu chake cha 1960, chenye hatua hizo tano, usikifupishe ovyo. Hatua nne zipitie haraka. Ya tatu, ile ya kupaa, ieleze vizuri: uwekezaji hupanda kutoka asilimia 5 hivi ya pato la taifa hadi kuvuka 10. Taja pia kwamba mwenyewe alikiita ilani isiyo ya kikomunisti. Ukiliacha hilo, msomaji hataelewa Rais Kennedy alimtakia nini Ikulu ya Marekani mwaka 1961.

Vyeo visikuchoshe. Cha lazima ni kimoja: mwaka 1966 Rais Johnson alimfanya mshauri wake wa usalama wa taifa. Sasa rudisha yale mafuta, safari hii Vietnam Kaskazini, nchi ya wakulima, ambako mabomu aliyoyatetea hayakuwavunja nguvu. Kwangu mimi, wasifu usiounganisha London na Hanoi naurudisha ukaandikwe upya.

Texas, alikofundisha hadi uzeeni, na kifo chake mwaka 2003, vinatosha sentensi moja.