Kabla ya chupa, nunua vitambaa: vifaa vya kwanza vya kuosha gari na kulinda rangi yake

Mdogo wangu aliponunua gari lake la kwanza alinipigia simu akiwa amesimama mbele ya rafu ya vifaa vya kuoshea magari. "Kaka, chupa zimejaa hapa mpaka nimechanganyikiwa. Nichukue ipi?" Nikamwambia asichukue chupa hata moja kwanza, asogee upande wa vitambaa. Akanyamaza. Nadhani alihisi sikumsikia vizuri.

Nilimsikia. Ila nilikumbuka gari langu la kwanza, jeusi, nililokuwa nikiliosha kila Jumamosi kwa ndoo moja, sponji ya njano na sabuni ya unga ya kufulia. Nililipenda sana gari lile. Jioni moja, jua likiwa limelalia upande, nikaona boneti nzima ina mistari myembamba inayouzunguka mwanga kama utando wa buibui. Nikadhani ni povu lililokaukia pale, nikachukua sponji nikasugua tena. Mistari ikaongezeka. Ilikuwa mikwaruzo, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiliosha gari lile isipokuwa mimi.

Ukitaka kujua ununue nini, jua kwanza unalinda kitu gani. Magari mengi ya sasa hupakwa rangi kwa matabaka, na juu kabisa pana tabaka angavu lisilo na rangi yoyote. Mafundi huliita klia. Mng'aro unaouona unatoka hapo, na klia hiyo ndiyo inayoikinga rangi ya chini na jua. Unene wake kwa kawaida ni mikroni 35 hadi 50 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele wa kichwani una kama mikroni 70. Yaani kitu kizima tunachokihangaikia ni chembamba kuliko unywele. Mkwaruzo ukiondolewa kwa kusuguliwa, kinachofanyika ni kuipunguza klia mpaka ilingane na kina cha mkwaruzo. Kilichopungua hakirudi.

Sasa fikiria sponji. Uso wake ni bapa. Chembe ya mchanga ikinaswa kati yake na klia haina pa kukimbilia, inabanwa papo hapo, na kila mkono unapopita inachora. Sabuni iwe ghali namna gani, haiwezi kuizuia. Ndiyo maana nina swali moja tu kwa kila kifaa: je, hiki kitaigusa rangi? Kama kitaigusa, pesa yangu inaanzia hapo.

Kinachoigusa rangi kwanza ni glovu ya kuoshea. Tafuta ya maikrofaiba, yaani kitambaa cha nyuzi nyembamba sana za kiwandani, yenye nyuzi ndefu, zile zinazoning'inia kama vidole vidogo, au ya sufu ya kondoo. Nyuzi ndefu humeza mchanga na kuuweka mbali na rangi mpaka utakapousuuza. Sufu inateleza vizuri kuliko zote, lakini inataka kutunzwa; usipoikausha vizuri inanuka na nyuzi zinaanza kung'oka. Kwa anayeanza nasema maikrofaiba. Nunua mbili za rangi tofauti: moja ya paa, vioo, boneti na sehemu ya juu ya milango, nyingine ya bampa na sehemu ya chini ya milango, ambako matope ya barabarani hurukia. Zikifanana utazichanganya, na utazichanganya siku ambayo una haraka.

Glovu inakwenda na ndoo mbili. Moja ina shampuu, nyingine ina maji matupu. Ukimaliza kipande kimoja, tuseme nusu ya mlango, glovu inaingia kwanza kwenye maji matupu, unaisugua, unaikamua, ndipo inarudi kwenye povu. Ndoo ya lita 15 hadi 20 inafaa, kwa sababu kwenye ndoo ndogo mchanga unatibuka na kurudi kwenye glovu. Wapo wanaouza kichujio cha plastiki kinachokaa chini ya ndoo. Unaisugulia glovu juu yake, mchanga unazama chini ya matundu na kutulia huko. Ukiweza, kinunue. Mdogo wangu alipomaliza kuosha mara ya kwanza alinitumia picha ya sehemu ya chini ya ndoo yake ya pili. Kulikuwa na mchanga wa kujaza kijiko. Aliniuliza, "Huu wote ungekuwa kwenye sponji?" Nikamjibu kwamba mwingine ungekuwa kwenye klia.

Kisha taulo ya kukaushia, na hapa nakaa kidogo kwa sababu watu wengi wanaosha kwa uangalifu halafu wanaharibu mwishoni. Fulana kuukuu, taulo la kuogea, kanga iliyochakaa: vyote vina mishono, na pamba iliyochoka huwa ngumu kuliko inavyoonekana. Ngozi ya kukaushia nayo ni bapa kama sponji. Chembe iliyobaki itaburutwa gari zima. Nunua taulo kubwa ya maikrofaiba iliyotengenezwa kwa ajili ya kukausha. Kwenye lebo utaona herufi GSM, yaani gramu kwa kila mita ya mraba. Vitambaa vya kufutia nta huwa kwenye 300 hadi 400, na vya kukaushia vyafaa kuanzia 500 kwenda juu. Usidhani namba kubwa ndiyo bora siku zote. Taulo nene kupita kiasi ikilowa inakuwa nzito, na mtu mwenye mikono iliyochoka huiburuta. Angalia ukingo: uwe laini, usiwe na uzi mgumu. Lebo iliyoshonwa kata mapema, nayo hukwaruza. Mimi hujaribu kitambaa kipya juu ya sidii ya zamani. Naipangusa mara kadhaa kisha naiinamisha kwenye mwanga. Ikichoreka, kitambaa hicho hakigusi gari.

Kukausha kwenyewe ni kutandaza taulo juu ya boneti, kuiacha inywe maji, kisha kuivuta taratibu. Usikandamize.

Sasa ndiyo tufike kwenye chupa. Ya kwanza ni shampuu ya gari yenye pH ya katikati, ambayo si asidi wala si alkali. Kazi yake kubwa ni utelezi: inaufanya uchafu uteleze juu ya klia badala ya kuikwangua. Sabuni ya unga ni alkali, na punje zake zisipoyeyuka zote zinakuwa mchanga mwingine uliouweka mwenyewe. Sabuni ya kuoshea vyombo imetengenezwa kuvunja mafuta, kwa hiyo inaondoka na nta uliyoipaka, na utelezi wake hautoshi. Soma kipimo kwenye chupa ukifuate. Kuzidisha shampuu hakusafishi zaidi, kunaacha utando tu. Shampuu zilizochanganywa na nta si mbaya, lakini usizihesabu kuwa ndiyo kinga ya rangi.

Mashine ya kusukuma maji kwa presha si lazima kwa kuanzia. Kinachotakiwa ni uchafu mwingi uondoke kabla glovu haijagusa gari, na hilo hata mpira wa maji unaliweza. Ukitaka kuongeza kitu, nunua pampu ndogo ya mkono ya kupulizia povu. Pulizia gari lililo kivulini, acha povu lishuke na uchafu kwa dakika chache, suuza kabla halijakauka. Ukiwa tayari na mashine, tumia mdomo unaotawanya maji kama feni na simama kama sentimita 30 hivi kutoka kwenye rangi. Mahali ambapo rangi imeanza kubanduka, usipige kabisa.

Rimu zina ndoo yake na brashi yake, na huoshwa kwanza, zikiwa zimepoa. Vumbi jeusi unaloliona pale lina chembe za chuma kutoka kwenye breki, na chembe hizo ni kali. Ukiosha mara kwa mara, shampuu ile ile inatosha. Kuna dawa inayogeuka zambarau ikigusa chuma. Inafanya kazi kweli, ingawa harufu yake ni nzito, na inaweza kusubiri. Dawa zenye asidi kali ziache. Mafuta ya kung'arisha matairi usiyapake kamwe sehemu inayokanyaga barabara, maana yatakufanya uteleze.

Nije kwenye ulinzi wa rangi, na nianze na neno, kwa sababu neno hili liliniponza. Kwa kawaida tunasema polishi. Polishi ya viatu inaongeza: unapaka, inabaki, kiatu kinang'aa. Basi nilipoona mikwaruzo ile nikaenda dukani nikaomba polishi ya gari, nikapewa kopo, nikawa nasugua kila mwezi nikiamini ninaikinga rangi. Kumbe kwenye magari polishi ni kinyume chake. Ndani yake mna chembe laini za kusaga, na inang'arisha kwa kuila klia kidogo kidogo. Ina wakati wake, lakini si ulinzi. Ulinzi ni nta au kinga nyingine inayobaki juu. Ukiona chupa inaahidi kuondoa mikwaruzo, karibu kila mara ina chembe hizo. Anayeanza aiache dukani.

Kabla ya kupaka kinga yoyote, osha na ukaushe gari, kisha vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na upapase boneti. Mfuko unakuza hisia za vidole. Ukisikia vinundu kama msasa, kuna lami, utomvu au chembe za chuma zilizojichimbia. Lami ina dawa yake ya kuiyeyusha. Vilivyobaki huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaofinyangika, ukiwa umelowesha uso kwa kilainishi chake au maji yenye shampuu. Unateleza nao bila kukandamiza, unaukunja ukichafuka. Ukidondoka chini, utupe, hata kama ni mpya. Huo udongo nao huweza kuacha alama hafifu, kwa hiyo mimi huutumia mara moja au mbili kwa mwaka, na pale tu mfuko uliponiambia.

Nta inayosifiwa zaidi ni ya carnauba. Inatoka kwenye majani ya mti fulani wa jamii ya mnazi wa kaskazini-mashariki mwa Brazili. Inapendeza, hasa kwenye rangi nyeusi na nyekundu, lakini hudumu wiki kadhaa, pengine miezi miwili au mitatu. Kinga za polima, yaani kemikali za jamii ya plastiki zilizotengenezwa kiwandani, hudumu miezi mitatu hadi sita hivi, kutegemea jua, mvua na namna unavyoosha. Kwa mtu wa kwanza kabisa ninachagua kinga ya polima ya kupulizia: unapulizia kidogo kwenye kitambaa, unapaka kipande kimoja cha gari kilichopoa, unachukua kitambaa cha pili kikavu na kufuta. Ukikosea, hakuna kilichoharibika. Rangi isiyong'aa, ile ya mati, ina bidhaa zake. Usiipake nta ya kawaida.

Seramiki ndiyo kila mtu anaiulizia. Ni kimiminika kinachokauka na kushikamana na klia, na zilizo nzuri hudumu miaka. Lakini chochote kilicho chini yake, mikwaruzo pamoja na vinundu, kinafungiwa humo, na ukichelewa kuifuta inaganda ikiwa na michirizi ambayo itaondoka kwa kusuguliwa tu. Ile 9H inayoandikwa kwenye maboksi ni kipimo cha ugumu kwa kutumia penseli za risasi; haimaanishi gari halitakwaruzika. Wala seramiki haizuii kokoto. Kinachozuia kokoto ni filamu ya plastiki ya poliyurethani inayobandikwa juu ya rangi, na hiyo ni kazi ya fundi. Kaa na kinga ya kupulizia kwa mwaka mmoja, jifunze kuosha bila kuchora, ndipo ufikirie seramiki. Anayeosha kwa sponji ataichora seramiki vilevile.

Kinga inapoisha utaiona. Maji juu ya rangi yenye kinga hujikusanya kuwa matone ya mviringo. Yakianza kutandaa na kulala, hata baada ya kuosha vizuri, paka tena.

Ndani ya buti la gari weka chupa ya kupulizia yenye maji na shampuu kidogo, pamoja na kitambaa kimoja safi. Ni kwa ajili ya kinyesi cha ndege, ambacho kwenye jua kali kinaweza kuacha alama ya kudumu ndani ya saa chache. Kiloweshe, kisubiri kilainike, kisha kiinue kwa kitambaa. Usikikwangue kikiwa kikavu. Na vumbi vilevile: usilipanguse kavu, hata ukiwa unakwenda harusini.

Vitambaa vyako vifue peke yake, mbali na pamba, kwa sabuni ya maji isiyo kali na maji ya uvuguvugu. Dawa ya kulainisha nguo usitie, inaziba nyuzi na taulo inaacha kunywa maji. Anika kivulini, hifadhi kwenye mfuko uliofungwa. Kitambaa kikianguka chini, mimi hukikata kona moja papo hapo kwa mkasi. Chenye kona iliyokatwa ni cha rimu maisha yake yote. Mdogo wangu sasa ana vitatu vya namna hiyo.