Jinsi ya kupima maelekezo ya zana za ajenti, kuanzia kosa la saa nane mchana

Mgonjwa aliandika: "Naomba kuja Alhamisi saa nane mchana." Ajenti wa akili mnemba niliyemtengenezea kliniki moja ya meno akamjibu kwa adabu kwamba miadi imewekwa. Kwenye daftari la miadi iliandikwa 08:00. Daktari alikaa asubuhi akitazama kiti kitupu, na yule mama alipofika mchana akakuta nafasi ina mtu mwingine.

Ajenti huweka miadi kwa kuita zana, yaani kipande cha programu kinachoandika kwenye daftari. Maelekezo ya zana ile nilikuwa nimeyasoma mara nyingi, na kila mara niliyaona yametimia. Tangu siku ile siyapimi kwa kuyasoma. Nayapima kwa kuangalia ajenti anafanya nini akiwa nayo.

Hatua ya 1: Tazama kile ambacho modeli inakiona

Modeli, yaani akili mnemba inayomwendesha ajenti, haioni msimbo wako (maandishi ya programu). Ukitumia MCP, itifaki ya kuunganisha akili mnemba na zana iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, kinachoifikia modeli kuhusu zana ni jina lake, maelezo yake, na vigezo vyake (sehemu za kujazwa, kama tarehe na saa). Nakili hivyo tu kwenye karatasi, umpe mtu asiyeujua mradi, kisha umwombe ajaze kwa mkono kile ambacho angetuma kwa kila ujumbe wa mgonjwa. Karatasi yangu ilikuwa hivi:

> weka_miadi: Huweka miadi ya mgonjwa.
> tarehe: tarehe ya miadi
> saa: saa ya miadi

Dada wa mapokezi aliitazama akauliza, "Kaka, hii saa ni yetu au ya Kizungu?" Swali hilo moja lilinionyesha kosa ambalo nilikuwa nimelipita kila niliposoma.

Hatua ya 2: Kusanya ujumbe wa majaribio

Chukua maneno ya watu kama walivyoyaandika, ukiondoa majina na namba za simu. Usiyatunge mezani, maana utaandika Kiswahili cha kitabuni ambacho hakuna mgonjwa anayekitumia. Ishirini au thelathini zinatosha kuanzia. Pembeni ya kila ujumbe andika wito sahihi: zana gani, tarehe gani, saa gani.

- "kesho saa tatu asbh" → 09:00
- "Alhamisi saa nane mchana" → 14:00
- "saa kumi jioni" → 16:00
- "nikija 9am nitamkuta dokta?" → 09:00, kwa zana ya kuangalia nafasi, si ya kuweka miadi
- "14:30 inafaa" → 14:30
- "saa 9:00" → asiite zana. Aulize kwanza kama ni asubuhi au alasiri
- "kung'oa jino ni bei gani?" → asiguse miadi kabisa

Hizo mbili za mwisho usiziache. Zana isiyojua kukaa kimya ni hatari kuliko isiyojua kuitika.

Angalia pia jinsi makosa yanavyojificha. Kliniki hufunguliwa 08:00 hadi 17:00. Ajenti akiigeuza "saa tatu asubuhi" kuwa 03:00, mfumo unakataa na unajua mara moja. "Saa nane" ikiwa 08:00 au "saa kumi" ikiwa 10:00, mfumo unapokea bila neno. Kwa hiyo ujumbe wa mchana nauweka mwingi zaidi, kwa sababu ndiko kosa linakopita kimya.

Hatua ya 3: Pima kabla ya kurekebisha

Endesha majaribio yote kwa maelekezo ya zamani kwanza, kila ujumbe mara 5. Modeli hiyohiyo kwa ujumbe uleule inaweza kujibu tofauti, hivyo kupatia mara moja hakukuhakikishii kitu. Andika mara ngapi kati ya 5 wito ulikuwa sahihi. Bila alama hizi za mwanzo hutajua kama sentensi uliyoongeza imesaidia au imeongeza maneno tu.

Alama zitoke kwenye wito wenyewe, si kwenye jibu analopewa mgonjwa. Yule mama alijibiwa vizuri sana.

Hatua ya 4: Tenga makosa kwa aina

Akichagua zana isiyofaa, tatizo liko kwenye jina au maelezo. Mara nyingi zana mbili zinaelezwa kwa maneno yanayofanana. Akichagua zana sahihi akajaza vibaya, tazama maelezo ya kigezo. Akiita pale alipopaswa kuuliza, hukumwambia ni lini aulize.

Hatua ya 5: Badilisha kitu kimoja, kisha rudia majaribio yote

Hapa ndipo niliposhindwa mara ya pili. Niliongeza: "Saa za Kiswahili: ongeza 6." Saa nane ikawa 14:00, nikafurahi. Niliporudia orodha nzima nikaona "9am" imekuwa 15:00. Nilikuwa nimeponya kidonda kimoja na kufungua kingine, na kama ningejaribu ule ujumbe wa saa nane peke yake nisingejua. Maelezo ya kigezo yaliyodumu ni haya:

> saa: muda wa miadi kwa mfumo wa saa 24, mfano 14:00. Wagonjwa wengi hutaja saa za Kiswahili: "saa tatu asubuhi" ni 09:00, "saa nane mchana" ni 14:00. Muda wenye am au pm, au wa saa 24 kama 14:30, tayari ni wa kimataifa, usiongeze kitu. Kama hujui ni upi kati ya hiyo miwili, muulize mgonjwa kabla ya kuita zana.

Ni marefu kuliko ya mwanzo, lakini kila sentensi ina ujumbe wa majaribio unaoihitaji.

Hatua ya 6: Ondoa sentensi mojamoja

Futa sentensi, endesha tena. Alama zisiposhuka, iache nje. Maelezo ya zana huingia kwenye kila mazungumzo na hugharimu tokeni, vile vipande vya maneno unavyolipia, hata mgonjwa anapouliza bei tu. Kwangu zilizotoka kwanza ni zile za LAZIMA na KAMWE kwa herufi kubwa. Zilimfanya ajenti aombe uthibitisho hata kwa "14:30 inafaa". Nilipoandika sababu badala ya amri, akaacha. Ukibadilisha modeli, rudia hatua hii. Sentensi iliyokuwa mzigo jana inaweza kuhitajika leo.

Hatua ya 7: Pima pia ujumbe wa makosa

Wengi huisahau hii. Zana inapokataa, maneno inayorudisha husomwa na modeli kama maelekezo mengine. Yangu yalisema "Kosa 400", namba isiyoeleza kosa ni lipi, na ajenti akawa anajaribu 03:00 tena na tena. Sasa yanasema: "03:00 ni nje ya saa za kazi (08:00–17:00). Huenda mgonjwa alitaja saa ya Kiswahili. Soma tena ujumbe wake." Yaweke kwenye majaribio: mpe ajenti kosa kwa makusudi, uone wito wake wa pili unakuwaje.

Suala la kufuta miadi ya mtu mwingine sikuliachia maelekezo hata kidogo. Hilo linazuiwa na msimbo, unaolinganisha namba ya simu ya anayeandika na ile iliyoweka miadi.