Kuitafuta Dhamira Jikoni: Namna ya Kuisoma Tamthilia ya Trifles

Mwanafunzi akiulizwa dhamira ya tamthilia inayomhusu mwanamke, mara nyingi hujibu "ukombozi wa mwanamke", akapiga mstari chini yake na kuhamia swali linalofuata. Jibu hilo linaifaa kila tamthilia ya aina hiyo, na kwa sababu hiyo halisemi lolote kuhusu ile moja aliyoishika mkononi. Ukombozi wa mwanamke ni mada. Dhamira ni lile ambalo tamthilia inalidai juu ya mada hiyo, nalo huandikwa kwa sentensi kamili ambayo mtu mwingine anaweza kuikubali au kuipinga. Hapa nitaonyesha njia ya kulifikia dai hilo kwa kutumia Trifles (yaani "mambo madogo madogo") ya Susan Glaspell, tamthilia ya Kimarekani iliyochezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1916 huko Provincetown, jimbo la Massachusetts. Ina onyesho moja, chumba kimoja na wahusika watano jukwaani, kwa hiyo kikundi chochote cha Bagamoyo, kiwe cha shule ya sekondari au cha wanachuo wa TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), kinaweza kuisoma yote kwa sauti katika kikao kimoja.

Anza na wakati wake, lakini usikae hapo muda mrefu. Mwaka 1916 wanawake katika majimbo mengi ya Marekani hawakuwa na haki ya kupiga kura, na katiba ya nchi nzima haikurekebishwa kuwapa haki hiyo hadi mwaka 1920. Ni jambo la kulijua, ila angalia kwamba tamthilia yenyewe haiitaji kura hata mara moja, na anayeandika kwamba dhamira yake ni haki ya kupiga kura ameisoma historia akaiacha tamthilia.

Kisa chenyewe ni hiki. Mkulima John Wright amekutwa amekufa kitandani, amenyongwa kwa kamba, na mkewe Minnie yuko rumande. Mwendesha mashtaka, mkuu wa polisi Peters na jirani aitwaye Hale wanaingia katika nyumba ya marehemu kutafuta sababu iliyomfanya mke aue. Wake wawili, Bi. Hale na Bi. Peters, wamefuatana nao ili wamchukulie mfungwa nguo na vitu vyake vidogo. Wanaume wanatupa jicho jikoni, wanasema hakuna kitu humo ila vyombo, kisha wanapanda ghorofani na kwenda zizini. Wanawake wanabaki jikoni.

Hatua yenye faida kubwa kuliko zote ni kuviandika vitu vyote vinavyotajwa jukwaani, na mbele ya kila kimoja kuandika nani amekiona na amesema nini juu yake. Utapata taulo chafu, mkate ulioachwa nje ya sanduku lake, meza iliyofutwa nusu, chupa za matunda zilizopasuka, mfarishi wa viraka ambao haujakamilika, tundu la ndege lenye mlango uliovunjwa, na mwisho kabisa ndege mdogo wa kuimba aliyevunjwa shingo, amefungwa kwa kitambaa cha hariri ndani ya kijisanduku cha kushonea. Wanawake wanaelewa kwamba mume ndiye aliyemuua, na hiyo ndiyo sababu ambayo wanaume wanaitafuta. Mwendesha mashtaka analiona taulo na kumhukumu Minnie kuwa mke asiyejua kutunza nyumba. Bi. Hale analiona taulo lile lile na kuikumbuka kazi isiyokwisha ya shambani, na kwamba mikono ya wanaume nayo huacha uchafu. Kitu ni kimoja, hukumu ni mbili, na umbali kati ya hukumu hizo ndipo pa kuchimba.

Mfarishi unahitaji msomaji atulie. Mishono yote ni mizuri na iko sawasawa, isipokuwa kiraka kimoja cha mwisho ambacho kimeshonwa ovyo. Bibi yeyote wa Bagamoyo anayeshona ukili kuwa mkeka angeona mara moja kwamba mkono uliofika hapo haukuwa umetulia, na angeuliza siku hiyo kulikuwa na nini. Wanaume wanapopita wanacheka tu kuwasikia wanawake wakijadili kama mfarishi ungemaliziwa kwa kushonwa au kwa kufungwa mafundo. Bi. Hale anaifumua mishono ile mibaya na kuishona upya, na hapo, kabla ya maneno yoyote makubwa kusemwa, ushahidi wa kwanza umeshafutwa. Kwa wanaotaka kuicheza hapa Pwani, nashauri chupa za matunda zisibadilishwe kuwa chupa za achari. Zilipasuka kwa sababu moto ulizimika na baridi kali ikayagandisha yaliyomo, na baridi hiyo inaisema nyumba ya Wright kuliko mazungumzo mengi.

Linganisha pia tamthilia na tukio lililoizaa. Glaspell alikuwa mwandishi wa gazeti mjini Des Moines, katika jimbo la Iowa, pale John Hossack, mkulima wa Iowa, alipouawa kwa shoka usingizini mnamo Desemba 1900. Mkewe Margaret alitiwa hatiani mwaka 1901 na juri (raia walioteuliwa kuamua kesi) ya wanaume watupu, hukumu ikatenguliwa na mahakama kuu ya jimbo, na kesi ya pili mwaka 1903 ikaisha bila juri kukubaliana. Mwandishi akibadili jambo kama hili, uliza amelibadili kwa nini. Glaspell ameondoa shoka akaweka kamba, na kamba inaifunga shingo ya mume na shingo ya ndege katika jambo moja. Tena hakuiweka hadithi mahakamani, ambako sheria ingekuwa na sauti yake, bali jikoni, na mshtakiwa hatumwoni hata mara moja.

Kisha mfuate mhusika anayebadilika. Msomaji wa haraka humchagua Bi. Hale kwa kuwa ndiye msemaji, lakini yeye ameingia akiwa tayari upande wa Minnie. Anayesafiri ni Bi. Peters, mke wa mkuu wa polisi. Mwanzoni anawatetea wanaume na kukumbusha kwamba sheria ni sheria. Baadaye anamkumbuka paka wake mdogo aliyeuawa na mvulana mbele ya macho yake alipokuwa msichana, halafu ukimya wa nyumba baada ya mtoto wake wa kwanza kufariki. Mwendesha mashtaka anasema kwamba mke wa mkuu wa polisi ameolewa na sheria, hana haja ya kuchunguzwa, na muda mfupi tu baadaye Bi. Peters anajaribu kukificha kijisanduku chenye ndege. Anashindwa, na Bi. Hale anakitia katika mfuko wa koti lake.

Kabla ya kuandika dhamira, tafuta jambo linaloikataa. John Wright hakuwa mlevi, alitimiza ahadi na kulipa madeni, na mjini alihesabiwa mtu mwema. Bi. Hale naye anajilaumu kwamba kwa zaidi ya mwaka mzima hakwenda kumjulia hali jirani yake. Mambo hayo mawili yanaibomoa sentensi ya "wanaume ni wabaya na wanawake ni wema", kwa hiyo iache.

Sasa andika. Sentensi moja inayoweza kusimama ni hii: sheria inayoidharau kazi na maisha ya wanawake haiwezi kuuona ukweli wao, hivyo wale wanaouona hulazimika kuhukumu nje ya sheria. Ijaribu kwa kila kitu ulichokiorodhesha, kuanzia taulo hadi ndege, na kwa lile jibu la mwisho la Bi. Hale kwamba mfarishi ungemaliziwa kwa kufungwa mafundo. Mimi naona sentensi hiyo bado haimtoshi Bi. Hale na lawama yake, ndiyo maana ningeongeza ya pili kuhusu upweke ambao majirani wanawake nao waliuacha uendelee. Anayeona kwamba wake wale wawili walikosea kuficha ushahidi anaweza kuandika dhamira tofauti, ilimradi aonyeshe ni mstari gani wa tamthilia unaowashutumu.