Osha presha pleti mpya kabla hujafunga klachi

Wenye Subaru WRX na magari mengine ya mbio mnaofunga klachi ya kazi nzito, nimejifunza kitu kwa fundi wa giaboksi juzi. Presha pleti mpya (ile sahani ya chuma inayobana pleti ya klachi) ikitoka kwenye boksi uso wake una mafuta ya kuzuia kutu, hata flaiwili mpya (gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo klachi inafungwa juu yake) ni hivyo hivyo, na mara nyingi huyaoni kwa macho. Sasa chukua breki klina na kitambaa cheupe kisafi, pangusa nyuso zote mbili, wa presha pleti na wa flaiwili, geuza kitambaa rudia tena mpaka kitoke cheupe kabisa, petroli usitumie maana inaacha mabaki. Ukifunga hivyo hivyo na mafuta yake, klachi ikipata moto yanaungulia kwenye pleti ya klachi, inaanza kuteleza au gari linatetemeka ukiondoka, na hapo giaboksi inashuka tena, hela ya fundi mara mbili! Baada ya kuosha usiguse zile nyuso kwa vidole, na greisi ya kwenye meno ya shafti ya giaboksi iwe kidogo sana, ikizidi inarushwa kwenye pleti.

Haitasaidia kama:
1. sili ya nyuma ya injini au ya giaboksi inavuja, badilisha kwanza
2. flaiwili ya zamani ina nyufa au madoa ya bluu ya moto, hiyo ni ya kuchongwa au kubadilishwa
3. pleti ni ya vipande vya seramiki, hizo kutetemeka kidogo ni kawaida yake hata zikiwa safi