Muvi ya historia ya Marekani iliyotoka kwenye kitabu: jinsi ya kuitazama bila kupigwa changa la macho

Swali la uanze na kitabu au muvi mi nalijibu haraka, anza na muvi. Ukianza na kitabu utakaa masaa matatu unanung'unika "mbona hii hawajaweka" na wenzako watakufukuza sebuleni. Tazama, lia kama ni ya kulia, halafu ndo ufungue kitabu ukiwa na maswali yako.

Ila kabla hujaanza angalia muvi imemega kipande gani cha kitabu. Chukua Lincoln ya 2012, imetokana na Team of Rivals cha Doris Kearns Goodwin, sasa kitabu kinaanzia mbali kabisa, kwa kina Seward, Chase na Bates ambao Lincoln aliwabwaga ndani ya chama 1860 halafu akawapa uwaziri haohao, wakati muvi imeng'ang'ania Januari 1865 na ile vita ya bungeni ya kupitisha Marekebisho ya 13 ya katiba kufuta utumwa. Kwahiyo ukimaliza usijione umeshamjua Lincoln, umemjua mwezi mmoja hivi.

Na hiyo kura yenyewe ni somo zuri. Ilipita 119 kwa 56, hapo muvi haijadanganya, lakini wamewaonyesha baadhi ya wabunge wa Connecticut wakikataa na rekodi zinasema wote wanne walikubali, mpaka mbunge mmoja wa jimbo hilo, Joe Courtney, akalalamika 2013 na mwandishi wa skripti akakiri alibadilisha kusudi watu waone mchuano ulivyokuwa mkali. Ndo mchezo wao huo, tukio kubwa wanaliacha kama lilivyo, wanachochezea ni nani alifanya nini na nani alikufaje.

Kwahiyo fanya hivi, chagua sini tatu zilizokugusa kuliko zote, hizo ndo ukazitafute kitabuni kwanza, kwa sababu sini inayokutoa machozi ndo skripti ilipofanyiwa kazi sana. Kwenye 12 Years a Slave, stori ya Solomon Northup aliyetekwa na kuuzwa utumwani, kuna mtekwa mwenzake Robert anachomwa kisu melini akimtetea mwanamke, inauma kweli, ila ukisoma alichoandika Solomon Northup mwenyewe 1853, mwaka uleule aliotoka utumwani, Robert alikufa kwa ndui. Hicho kitabu ni cha zamani, haki zake zimeshaisha, unakipata bure mtandaoni kihalali, huna kisingizio.

Hidden Figures nayo, muvi ya wanawake weusi wanahisabati wa NASA, shirika la anga la Marekani, ile sini ya Katherine Johnson kukimbia mbali kutafuta choo cha weusi. Kwenye kitabu cha Margot Lee Shetterly aliyeumizwa na mambo ya choo ni mwenzake Mary Jackson, Katherine alikuwa anatumia tu kile kisicho na kibao. Na bosi anayebomoa kibao kwa hasira? Huyo Al Harrison hakuwepo, ni mabosi kadhaa wamechanganywa wakawa mtu mmoja. Mwenzao Dorothy Vaughan ndo kabisa, muvi inayosimulia mwaka 1961 inamwonyesha bado anagombania usupavaiza wakati alishaupata tangu 1949!! Njia rahisi ya kuwakamata watu wa kubuni ni faharasa ya mwisho wa kitabu, jina lisipokuwemo anza kumshuku.

Maandishi ya mwisho kabisa kwenye skrini, yale ya "fulani alifariki mwaka fulani", nayo usiyameze. Band of Brothers, tamthilia ya vita ya 2001, ilisema mwanajeshi Albert Blithe alikufa 1948 wakati jamaa aliishi mpaka 1967.

La mwisho, angalia stori imewekwa mikononi mwa nani. Killers of the Flower Moon ya 2023 ni stori ya mauaji ya Waosage, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, na inakuweka ndani ya nyumba ya Ernest na mkewe Mosage, Mollie, muuaji unamjua mapema. David Grann kwenye kitabu anakwenda kama upelelezi, unashuku kila mtu, halafu kwenye sehemu ya tatu anaingia mwenyewe kuchimba nyaraka na kukaa na wajukuu wa Waosage, anakuta vifo vingine ambavyo kesi ya William Hale, mpangaji wa mauaji hayo, haikuvigusa. Sehemu hiyo usiiruke hata kama umechoka, mi niliisoma usiku na sikulala.