Jinsi ya kuonyesha kwamba maharage yanafanya respirasheni, chupa mbili za chai zinatosha

Madogo wengi wa sekondari wanachanganya kupumua na respirasheni. Kupumua ni kuingiza na kutoa hewa tu, sisi tuna mapafu, samaki ana matamvua, panzi ana vitundu ubavuni na maisha yanaenda. Respirasheni iko ndani ya seli, molekuli moja ya glukosi (sukari) inavunjwavunjwa kwa oksijeni sita, zinatoka kabonidayoksaidi sita, maji sita na nishati, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika kwenye mitokondria, vile vijisehemu vya ndani ya seli. Sasa nishati haiingii yote kwenye ATP (molekuli inayobeba nishati ndani ya seli), nyingine inapotea kama joto, na hilo joto ndo tunalitafuta hapa.

Chukua maharage yoyote, hata njano ya Uyole, ila yasiwe yamepakwa dawa. Loweka usiku kucha, mwaga maji, funika na kitambaa kibichi mpaka kimzizi cheupe kichungulie. Kwa baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita na wa saba inachukua muda, usikate tamaa, sogeza karibu na jiko kidogo. Yakishaota gawa mafungu mawili, moja chemsha dakika kumi hivi halafu liache lipoe kabisa, maana ukiliweka la moto umejidanganya mwenyewe.

Hapa ndo wengi wanaharibu: mafungu yote mawili suuza na maji yenye dawa kidogo ya klorini. Kwa nini? Yale yaliyochemshwa yamekufa, yataanza kuoza, na bakteria wanaoozesha nao wana respirasheni na joto lao, utakuta chupa ya maiti nayo imepata moto alafu unabaki unashangaa.

Weka kila fungu kwenye chupa yake ya chai, usijaze mpaka juu, chomeka kipimajoto cha maabara kifike katikati ya maharage. Kile cha homa hakifai, hakisomi joto la chini. Mdomoni ziba na pamba, usifunge na kifuniko, oksijeni ikikata hujapima kitu. Halafu geuza chupa kichwa chini kama una cha kuishikilia, kabonidayoksaidi ni nzito kuliko hewa itashuka itoke, na joto halitapanda likimbie. Soma asubuhi na jioni siku mbili tatu. Ya maharage hai itapanda, ile nyingine itakuwa inafuata joto la chumba tu.

Ukitaka kuiona kabonidayoksaidi yenyewe, ile ya pumzi yako, koroga kijiko cha chokaa mpya kwenye lita ya maji, acha itulie mpaka kesho, chukua maji maangavu ya juu, puliza taratibu kwa mrija. Yanageuka kama maziwa. Puliza tu usivute, na macho kaa nayo mbali.

Na msiseme mmea unafanya respirasheni usiku tu bana, ni mchana na usiku, mchana usanisinuru (mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga) unaizidi ndo maana haionekani.

Mkulima anayefunga gunia la mahindi yenye unyevu kule Mbozi anakutana na kitu hikihiki, punje zina respirasheni, ukungu nao una respirasheni, ukizamisha mkono katikati unakuta joto. Kausha mpaka unyevu ushuke asilimia 13 hivi, ndo ufunge.